Msaidizi asiyeuliza ametumwa na nani

Kila ninapofika Walikale-centre, huku Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, na begi langu la vifaa, salamu hazijaisha mtu ananiuliza: "Fundi, ulituletea antivirusi?" Wauguzi wananiuliza, makarani wa shule wananiuliza, vijana wa sekretarieti wanaochapa barua na kutoa fotokopi karibu na soko wananiuliza. Upande wa Masisi ni vilevile, kuanzia Sake hadi Nyabiondo. Watu wamekwisha kuelewa kwamba kompyuta ina adui, na wanaamini adui huyo ni kirusi kinachoingia na fleshi ya mgeni. Hawakukosea. Lakini mimi ninayezifungua mashini hizi siku zote kuna kitu kingine ninachokiogopa zaidi, na ndicho ninachotaka kukieleza hapa, kwa sababu wanaotuletea kompyuta hawakitaji na wanaozitumia hawajawahi kukisikia.

Ninaogopa wasaidizi. Nazungumzia zile programu ndogo ambazo kampuni za kompyuta na printa huziweka ndani ya mashini, mara nyingi kabla hatujaitoa kwenye katoni, zikapewa madaraka makubwa kuliko ya mwenye kompyuta. Hazina dirisha, hazina alama kwenye kioo, hazikuombi kitu. Mwenye ofisi anaweza kukaa nazo miaka mitano asijue kama zipo.

Kompyuta iliyopangwa vizuri huwatenganisha watumiaji wake. Mtumiaji wa kawaida anaandika ripoti, anachapa, anafungua barua pepe; hawezi kubadilisha mambo ya ndani ya mashini, wala kusoma mafaili ya mwenzake. Msimamizi ana uwezo zaidi. Juu ya wote kuna mamlaka ya mwisho, ambayo kwenye Windows huitwa SYSTEM, na kwenye Linux na Mac huitwa root. Mgawanyo huo ndio ulinzi wetu. Kwa ajili yake muuguzi anaweza kumpa mgeni akaunti ya kawaida achape barua yake, na orodha ya wagonjwa ikabaki salama kwenye akaunti nyingine.

Sasa kampuni nayo ina haja zake. Inataka kusasisha programu, kupima betri, kurekebisha printa, bila kumsumbua mtumiaji kwa neno la siri kila mara. Kwa hiyo inaweka msaidizi. Msaidizi huyu anaamka mashini inapowashwa, anakaa kimya na mamlaka ya SYSTEM mkononi, anangoja kuombwa. Ukibofya kitufe cha kusasisha, programu unayoiona, ambayo haina madaraka, inamtumia ujumbe, naye anatenda. Ubaya unaanzia kwenye swali ambalo watengenezaji wengi hawakulijibu: nani mwingine anaweza kutuma ujumbe huo? Msaidizi asipohakikisha anayemtuma ni nani, basi programu yoyote na mtu yeyote aliyekaa mbele ya kibodi anaweza kumtuma. Neno la siri linabaki pambo.

Kosa hili ni la zamani. Mwaka 1988 Mmarekani Norm Hardy alichapisha makala fupi akisimulia kisa cha kampuni ya Tymshare. Kulikuwa na programu ya kutafsiri misimbo iliyopewa ruhusa ya kuandika kwenye folda ya mfumo, ili itunze takwimu zake humo. Ndani ya folda hiyohiyo kulikuwa na faili la hesabu za malipo ya wateja. Mtumiaji mmoja akaiagiza programu iandike matokeo yake kwa jina la faili lile la hesabu. Yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuligusa, lakini programu aliyoiagiza ilikuwa nayo. Ikaandika juu yake, hesabu zikapotea. Hakuna aliyeiba neno la siri, hakuna aliyevunja kitu. Mtumishi mwaminifu alitumia madaraka yake kwa niaba ya mtu asiyestahili.

Karibu miaka 40 imepita na kompyuta zetu zimejaa watumishi wa namna hiyo. Mwezi Mei 2021 kampuni ya usalama ya SentinelOne ilitangaza kasoro kwenye piloti ya Dell iitwayo dbutil_2_3.sys, iliyotumika kusasisha mashini za kampuni hiyo. Piloti ni kile kiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, nacho hufanya kazi kwenye kina kabisa cha mfumo. Hiyo ya Dell ilikuwa ikisambazwa tangu mwaka 2009, kwenye kompyuta zinazohesabiwa kwa mamia ya milioni. Mtumiaji wa kawaida, asiye na ruhusa yoyote, aliweza kuitumia kujipandisha hadi mamlaka ya juu.

Dell ilitoa marekebisho. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2021 kundi la wadukuzi la Lazarus, linalohusishwa na Korea Kaskazini, liliigeuza piloti hiyo kuwa silaha. Kampuni ya ESET ilieleza mwaka 2022 kwamba walengwa walikuwa mfanyakazi wa kampuni ya vyombo vya anga nchini Uholanzi na mwandishi wa habari za siasa nchini Ubelgiji. Wadukuzi walikuja na piloti hiyo wao wenyewe. Windows ikaipokea kwa sababu ilikuwa na sahihi halali ya Dell. Kisha wakaitumia kuvipofusha vyombo vya ulinzi vya mashini. Ndiyo maana wenzangu wa Walikale wakiniuliza habari za antivirusi siwezi kuwapa jibu fupi: antivirusi inamwinda mgeni, na hapa aliyefungua mlango ni mwenyeji mwenye kibali.

Julai 2021 zikafuata printa. SentinelOne hiyohiyo ilionyesha kwamba piloti iitwayo SSPORT.SYS, iliyosambazwa tangu mwaka 2005 kwa ajili ya printa za HP, Samsung na Xerox, ilikuwa na kasoro ya kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya SYSTEM. Aina za printa za HP na Samsung zilizoguswa zilizidi 380. Piloti hiyo hupakiwa kila kompyuta inapowashwa, hata kama printa yenyewe haijachomekwa. Nawaomba wenye sekretarieti waisome sentensi hiyo mara mbili. Unaweza kuiuza printa, au ikafa ukaitupa, na msaidizi wake akabaki kazini.

Agosti 2021 ilikuwa zamu ya kipanya. Mtafiti mmoja alionyesha kwamba ukichomeka kipanya cha Razer, Windows inajiletea yenyewe programu ya kukisakinisha na kuiendesha kwa mamlaka ya SYSTEM, na kupitia dirisha la kuchagua folda mtu aliweza kufungua uwanja wa amri wenye mamlaka yaleyale. Agosti 2022, kwenye mkutano wa DEF CON huko Las Vegas, Patrick Wardle alionyesha kwamba msaidizi wa kusasisha Zoom kwenye kompyuta za Mac alikubali faili lolote mradi limebeba jina la cheti cha Zoom. Msaidizi alisoma jina tu, akatosheka. Na wanaodhani Linux imeepuka wakumbuke kwamba programu ya sudo, ambayo kazi yake yote ni kutoa madaraka kwa anayestahili, ilikuwa na kasoro tangu mwaka 2011 ikagunduliwa Januari 2021. Mwenzake pkexec alikuwa na yake tangu 2009, ikajulikana Januari 2022.

Msomaji atasema: mbona zote zilirekebishwa? Ndiyo, zilirekebishwa. Lakini marekebisho husafiri kwa intaneti, na hapo ndipo Masisi na Walikale zinapoachwa nyuma. Kituo cha afya cha huku kinaishi kwa paneli za sola na, mafuta yakipatikana, jenereta ya saa chache. Simu inashika mtandao ukipanda kilimani. Anayenunua mega za intaneti ananunua kidogo, za kutuma ripoti ya mwezi, hivyo watu huzima masasisho kwa makusudi ili mega zisiliwe usiku. Siwalaumu hata kidogo. Sasisho moja la Windows linaweza kumeza mega za mwezi mzima. Matokeo yake ni kwamba kasoro iliyozibwa Brussels mwaka 2021 inaweza kuwa wazi leo hii Itebero, Pinga au Katoyi. Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10, ambayo ndiyo ninayoikuta kwenye mashini nyingi huku, pamoja na Windows 7 iliyoachwa tangu Januari 2020.

Niseme nilichokiona kwa macho yangu. Kwenye kituo kimoja cha afya juu ya Nyabiondo nilikuta kompyuta iliyotolewa na shirika moja la misaada ambalo sitalitaja. Ilikuwa safi, imefunikwa kitambaa dhidi ya vumbi. Muuguzi mkuu, mzee ambaye kila mtu pale anamwita Papa, alinionyesha kwa fahari jinsi alivyozitenga akaunti: moja ya wanafunzi wa mafunzo na wageni, nyingine yake yenye neno la siri. Nikafungua orodha ya huduma zinazojiendesha zenyewe, nikashusha taratibu ili aone. Mstari baada ya mstari, na upande wa kulia maneno yaleyale ya Kifaransa, Système local, yaani mamlaka ya juu kabisa. Msaidizi wa betri. Msaidizi wa sauti. Msaidizi wa masasisho ambaye mara ya mwisho kusasishwa yeye mwenyewe ilikuwa 2018. Msaidizi wa kupeleka taarifa kwa kampuni. Na msaidizi wa printa ambayo Papa alinionyesha kwa kidole: ilikuwa imewekwa juu ya kabati, imekufa siku nyingi, kuku amewahi kuilalia.

"Fundi, hawa wote waliingia lini?" akauliza.

"Walikuja pamoja na mashini, Papa. Huyu wa mwisho alikuja na printa."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mhandisi yeyote wa Goma: "Na wanaweza kusoma daftari langu?"

Daftari lake lilikuwa faili la Excel ndani ya akaunti yake. Lilikuwa na majina ya wagonjwa, vijiji vyao, umri wao, na safu moja ya wanawake waliotibiwa baada ya kubakwa. Nilimwambia ukweli: "Wao wenyewe hawasomi. Lakini mtu anayejua namna ya kuwaomba, watamfungulia, hata akikaa kwenye akaunti ile ya wageni." Papa alikirudisha kitambaa juu ya kompyuta bila kusema neno, tukaanza kuwaondoa mmoja mmoja.

Hiyo safu ndiyo inayonifanya niandike. Mtu wa Paris akiibiwa orodha, anapata barua pepe za matapeli. Hapa kwetu orodha inaweza kuua. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010 waasi walivamia Luvungi na vijiji vingine 12 vya Walikale, kwenye barabara ya kutoka Kibua kwenda Mpofi. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Ilichukua miaka kumi hadi mahakama ya kijeshi ya Goma, Novemba 2020, ilipomhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, mmoja wa viongozi wa waasi hao, kifungo cha maisha. Hukumu ile isingepatikana bila waathirika waliokubali kusema, na hawakukubali kwa sababu wanazipenda mahakama. Walikubali kwa sababu mtu fulani aliwaahidi kwamba majina yao hayatatoka nje. Leo ahadi kama hiyo inatunzwa ndani ya kompyuta, hospitalini, kwenye ofisi za wanasheria, kwenye mashirika ya kina mama. Anayeitoa ahadi hiyo hajui kwamba msaidizi wa printa anaweza kuivunja.

Na mji hubadilika mikono. Januari 2025 waasi wa M23 waliichukua Masisi-centre. Machi mwaka huohuo wakaingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mwenye silaha anayepita mbele ya ofisi leo si yule wa mwezi uliopita, na kila mmoja angependa kujua nani alisema nini kwa nani.

Hapa huwa naambiwa: "Fundi, mwenye bunduki hahitaji kasoro ya kompyuta. Atabeba kompyuta yenyewe." Ni kweli, naye atabeba. Lakini kompyuta ikiporwa unajua imeporwa. Unapiga simu, unawaonya waliomo kwenye orodha, wanalala kwingine usiku huo. Kasoro ya msaidizi inachukua orodha na kuiacha kompyuta mezani, na wewe kesho yake unawasha, unafanya kazi, unawaambia watu wako salama. Hawaonywi kwa sababu hakuna anayejua kwamba kuna la kuonya. Mtu mwenye fleshi akiruhusiwa kuchapa barua kwa dakika kumi, zinamtosha. Hii ndiyo sababu pia kukosa intaneti si kinga: kasoro hizi nyingi hazihitaji mtandao, zinahitaji mtu aliyekwisha kukaa mbele ya kibodi. Na kwenye kituo cha afya, kwenye shule, kwenye sekretarieti, kibodi moja inakaliwa na kila mtu.

Kwamba wizi wa kimya ni hatari hata kwa wakubwa, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imeliona. Tarehe 18 Januari 2022 iligundua kwamba wadukuzi walikuwa ndani ya seva zake tangu 9 Novemba 2021. Walifikia taarifa za watu zaidi ya 515,000 kutoka vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60 duniani: waliopotezana na familia kwa vita, wakimbizi, wafungwa, watu wanaotafutwa na ndugu zao. Mlango walioupitia ulikuwa kasoro ambayo haikuwa imezibwa kwenye programu ya kuwasaidia wafanyakazi kubadilisha maneno yao ya siri. Tena msaidizi, tena mwenye funguo zote. Familia za Masisi zinajua maana ya kadi ya Msalaba Mwekundu unapomtafuta mtoto mliyeachana naye njiani. Kama Geneva, yenye wataalamu na umeme wa saa 24, iliingiliwa kwa zaidi ya miezi miwili, sisi tusijidanganye kwamba udogo wetu unatuficha.

Watu wa machimbo ya Rubaya na Bisie hawahitaji maelezo marefu kuielewa kasoro hii, kwa sababu wameiishi kwenye madini. Mfuko wa koltani au kasiteriti unafungwa tagi ya plastiki yenye namba, ili mnunuzi wa mbali ajue umetoka kwenye mgodi safi. Aprili 2022 shirika la Global Witness lilichapisha ripoti likiushutumu mpango wa ITSCI kwamba tagi zake zilikuwa zikifungwa kwenye madini yaliyotoka kwingine. ITSCI iliyakana madai hayo. Nani mkweli kati yao si kazi yangu kuamua. Lakini kila mchimbaji anajua kwamba tagi inaweza kuwa halali kabisa, namba yake halali, na mwenye kuifunga ana kibali, na bado mfuko ukawa si wenyewe, pale ambapo aliyefunga hakuuliza mzigo umetoka wapi. Sahihi ya kampuni kubwa juu ya piloti ni tagi hiyo. Inathibitisha nani aliyeitengeneza. Haisemi inatumika na nani leo, wala kwa kazi gani.

Nisiwaache mafundi wenzangu nje ya lawama. Msaidizi hatari kuliko wote huku hakuletwa na kampuni yoyote, tunamleta sisi. Mteja ana Windows isiyolipiwa, fundi anatoa fleshi yenye programu ya kuiamsha bure, na sharti la kwanza la programu hiyo ni kuzima antivirusi na kupewa mamlaka ya juu. Baada ya hapo inakaa humo kama huduma, inaamka kila siku, na hakuna anayejua ndani yake kuna nini. Desemba 2021 kampuni ya Red Canary ilieleza kuhusu nakala za KMSPico zilizofungashwa pamoja na kirusi cha kuiba maneno ya siri na pochi za sarafu za kidijitali. Mteja anatulipa tumfungie nyumba, nasi tunamwachia ufunguo mtu tusiyemjua. Dola chache za kazi hiyo hazistahili jina la mama mmoja wa Luvungi.

Basi lifanyike nini? Sitaki kudai mambo ya Ulaya. Nataka yanayowezekana kwa sola na barabara ya matope.

Kwanza, mashirika yanayotoa kompyuta yaache kutoa katoni na picha ya makabidhiano. Mashini ifutwe na kusakinishwa upya kabla ya kupanda gari Goma, bila wasaidizi wa kampuni ambao kituo hakiwahitaji. Printa nyingi zinafanya kazi na piloti ya kawaida iliyomo ndani ya Windows; hazihitaji furushi zima la kampuni. Akaunti ziwe mbili tangu siku ya kwanza, na ya kazi ya kila siku isiwe ya msimamizi. Diski ifungwe kwa msimbo, ili hata ikiporwa isisomeke. Programu ya VeraCrypt ni ya bure na inatosha.

Pili, marekebisho yasafirishwe kwa mkono. Microsoft inaruhusu mtu kupakua masasisho kwenye diski na kuyapeleka kwenye mashini isiyo na mtandao. Kila mwezi ofisi za zoni za afya hupeleka chanjo hadi vituo vya mbali, ndani ya makasha ya baridi, kwa pikipiki na kwa miguu. Diski moja ndogo inaenea kwenye begi la mtu huyohuyo. Kama tumeweza kuifikisha chanjo ikiwa baridi hadi Katoyi, hatuwezi kusema faili limeshindikana. Kinachohitajika ni mtu mmoja mjini wa kuyakusanya na kuyahakiki, na posho ndogo kwenye bajeti ambayo tayari inalipia mafuta ya gari.

Tatu, orodha za watu walio hatarini zisikae kwenye mashini inayochapia barua za kijiji. Kituo chenye kompyuta moja tu kiziweke kwenye diski ya pembeni iliyofungwa kwa msimbo na kufichwa, ichomekwe wakati wa kazi yake tu, akaunti ya wageni ikiwa imefungwa. Na printa ikifa, msaidizi wake aondolewe siku hiyohiyo.

Nne, serikali itumie sheria iliyo nayo. Kongo ina Kanuni ya Kidijitali, sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda taarifa binafsi za raia. Wizara ya Afya, ambayo ripoti za vituo hivi zinaingia kwenye mfumo wake wa DHIS2, ina haki ya kumwambia kila mfadhili: kompyuta isiyo na mpango wa marekebisho wa miaka mitatu hatuipokei. Sharti hilo halihitaji fedha za serikali. Linahitaji saini.

Kwa mafundi nasema: tuache programu za kuamsha za bure. Mteja asiye na uwezo wa Windows apewe Linux, ambayo ni halali bila malipo. Nayo ina kasoro zake kama nilivyoonyesha, lakini masasisho yake yote hutoka mahali pamoja na hubebeka kwenye diski moja, si kwa kampuni kumi tofauti kila moja na mjumbe wake.

Na kwako muuguzi, mwalimu, katibu wa ushirika, unayesubiri gari la msaada lifike: kabla hujatia saini hati ya kupokea, waulize waleta kompyuta maswali matatu. Ni programu gani zinazofanya kazi humu kwa mamlaka ya SYSTEM, na kwa nini? Nani ataleta marekebisho, na kwa njia ipi? Mashini hii ikiingiliwa, nani atatuambia? Hayo si maswali ya wataalamu. Ni maswali ya mtu aliyekabidhiwa majina ya wenzake. Wakishindwa kuyajibu, usisaini.